Picha Mama Haguswi

Kabla ya kupiga picha yoyote, Bong-io alifuta jicho la kamera kwa upindo wa blauzi yake. Alilipumulia kwanza, haa, kama mtu anayepasha viganja moto, kisha akalisugua taratibu kwa kuzungusha. Mazoea hayo yalimkolea hata akawa anaifuta simu inapolia. Mtu anampigia, simu inaita, Bong-io anapumulia, anasugua, anatazama, ndipo anasema haloo. Na mara nyingi aliyepiga amekwisha kukata. Wanawe walimsema sana kwa jambo hilo. Aliwajibu kwamba mwenye haja ya kweli hupiga tena.

Nilimjua darasani. Kila Jumanne mchana niliwafundisha wazee wa kijiji chetu cha chaza, pwani ya Chiayi, namna ya kupiga picha kwa simu. Siku ya kwanza niliita majina, nikafika kwa Ngo Bong-io, na chumba kikacheka. Hawakucheka kwa ubaya. Kwetu jina hilo halihitaji kufafanuliwa: ni kama kusema "mleeni tu, tutafanyaje". Ndilo walilopewa wasichana wa zamani waliozaliwa wakati baba alikuwa akingojea mvulana. Wanawake wengine mle darasani walizaliwa na majina ya aina hiyo hiyo, lakini walikwenda kwa msajili wakayatupa, wakarudi wakiwa Okidi, Lulu na Mwezi wa Vuli. Bong-io alikuwa amepita miaka sabini na hakuwahi kwenda.

"Dada, ofisi bado iko wazi," alimtania Okidi. "Hata leo ukitaka."

"Walinilea bila kunitaka," alisema Bong-io, "nami nikakua bila kuwaomba. Nakaa nalo jina lao, waone haya huko waliko."

Akaja kuketi mbele kabisa, akaanza kufuta jicho la kamera.

Asidhani mtu kwamba wazee wale walikuja kujifunza sanaa. Walikuja kwa ajili ya picha za asubuhi. Kwetu mzee akifumbua macho, hata kabla ya uji wa viazi vitamu, hutuma picha ya salamu kwenye makundi yote ya simu aliyomo: ua la yungiyungi, au jua linachomoza, au kikombe cha chai, na juu yake maandishi makubwa ya njano yenye ukingo mwekundu. Asubuhi njema, afya ni utajiri. Vijana huzicheka picha hizo na kuzima mlio wa kundi. Lakini ndivyo tunavyojuana nani kaamka na nani hakuamka. Mzee asipotuma mpaka jua likapanda, jirani huja kugonga mlango.

Wengi hutuma maua ya wenzao. Ua lile lile hupita kutoka simu hadi simu, na kila linapopita hubanwa lipate kwenda upesi. Wengine, badala ya kulihifadhi, hulipiga picha ya skrini, likazidi kupungua. Mwisho wa mwezi yungiyungi limekuwa vigae vya waridi na kijani, kama sakafu ya bafu. Bong-io hakutuma ua la mtu. Alitengeneza salamu yake mwenyewe kila siku, kutoka picha aliyoipiga mwenyewe jana yake, na kwa ajili hiyo alipata hasara ambayo hakuisahau.

Mumewe alipokuwa hai, alimpiga picha amesimama kwenye maji ya kiuno, ameshika mwanzi wa uchaga wa chaza, kofia imeteleza kisogoni, anacheka. Alikuwa anacheka nini, Bong-io hakukumbuka tena. Kesho yake aliandika ASUBUHI NJEMA kifuani pa mumewe, akambandika mawaridi mawili mabegani, akabonyeza Hifadhi. Simu ikamuuliza jambo. Akabonyeza Ndiyo, kama tunavyobonyeza sote. Picha yenye mawaridi ikakaa mahali pa ile ya kwanza, na ile ya kwanza haikuonekana tena. Mwaka uliofuata mume akafariki, na mjane akaja kwangu na simu yake ameishika kwa mikono miwili.

"Mwalimu, niondolee maua," alisema. "Maua tu. Maandishi nitayavumilia."

Nilijaribu mchana mzima. Mwisho ilinibidi nimwambie kwamba chini ya mawaridi yale hapakuwa na bega; simu haikuweka bega mahali pengine popote. Naweza kuchora bega, lakini litakuwa la kwangu, si la mumewe.

"Kwa hiyo nimemfunika mwenyewe."

"Hukujua, mama."

"Iliniuliza," alisema. "Sikuisoma."

Hakulia mbele yangu. Jumanne iliyofuata alisimama darasani bila kuitwa, akawatangazia wenzake kama mtu anayesoma amri ya serikali: picha ya kwanza ni mama. Nakala yake ni mtoto. Mama haguswi. Anayetaka kucheza na amchezee mtoto. Akimharibu, mama bado yupo, atazaa mwingine. Tangu siku hiyo niliyaacha maneno yangu ya kitabuni nikafundisha kwa hayo yake.

Ukitaka kumwona Bong-io alivyokuwa, ungemkuta alasiri, kazi ya chaza imekwisha, ameketi kwenye kiti kidogo cha plastiki mbele ya mlango wake akichagua. Alizitazama picha za siku nzima zikiwa ndogo kama kucha, macho ameyafinya. Picha isiyosema kitu ikiwa ndogo, alisema, hata uitandaze ukutani itabaki bubu. Zilizosema kitu alizivuta kwa vidole viwili mpaka afike kwenye macho ya mtu. Macho yakiwa yametikisika, hana huruma. Lakini kila aliyoifuta aliiaga. "Nenda salama." "Nawe, nani alikualika?" Ya bandari yenye ukungu aliizungusha huku na huku, akaguna, akaiambia, "Wewe mzuri, lakini huna mtu." Ikaenda. Mwisho alibakiza moja, akaiwekea alama ya moyo, akaitolea nakala, ndipo akaanza kazi kwa mtoto: ananyoosha upeo wa bahari uliolala upande, anainua kivuli kidogo usoni, anapunguza mbingu iliyoungua kwa jua. Kingo alizikata kidogo sana, maana kilichokatwa ni ubora uliotupwa. Hakuvuta kwa kamera akiwa mbali. Alitembea mpaka karibu, hata ikawa ni kuingia matopeni. Na vile vitufe vya kulainisha ngozi, kukuza macho na kuchonga kidevu alivizima vyote. Simu iliposasishwa ikavirudisha yenyewe, alifika darasani amefura kama mtu aliyeibiwa kuku.

Sasa nieleze habari ya picha ya bandani, maana kwa hiyo ndiyo anakumbukwa.

Banda la chaza liko barabarani, kabla ya bandari. Chaza humiminwa katikati na wanawake hukaa kuwazunguka, kila mmoja na kisu chake kifupi na bakuli lake la maji, na makombe hurushwa nyuma mpaka yanakuwa kilima. Wakati ule paa la banda lilikuwa turubai la mgombea mmoja aliyeshindwa uchaguzi. Kwetu turubai halitupwi. Kura zikishahesabiwa, wagombea hufunika vitunguu, pikipiki na chaza. Huyu uso wake ulikuwa mpana kama kitanda, na aliyemtengeneza alimlainisha mpaka matundu ya pua yakakaribia kuziba.

Siku hiyo A-Kheng, mmoja wao, alikuwa amesema neno la aibu kuhusu mgombea na mkewe, wanawake wote saba wakaangua kicheko kwa pamoja, na jua likapenya turubai likawamwagia rangi kama ya pichi. Bong-io, aliyekuwa wa nane, alikwishainuka na kufuta jicho la kamera. Alipiga. Kwenye picha hiyo unaona kilima cha makombe, mabuti ya mpira, stuli iliyofungwa kwa kamba, midomo iliyo wazi na jino la dhahabu la Okidi. Na mbele kabisa, mkono wa kushoto wa A-Kheng umeshika chaza aliyefunguka nusu. Kidole cha shahada cha mkono huo kinaishia kwenye kifundo cha kwanza.

Kesho yake aliituma kama salamu, maandishi chini penye mabuti: ASUBUHI NJEMA, NJOONI MLE CHAZA.

Chama cha wavuvi wakati huo kilikuwa kinajenga ukumbi wa wageni hapo bandarini, na ukuta unaotazama barabara ulikuwa mtupu. Mtumishi wa chama, Tseng, kijana wa hapo hapo mwenye adabu zake, aliiona picha ile kwenye kundi la mama yake. Alikuja bandani na boksi la keki za nanasi.

"Mama Bong-io, ukuta mzima! Watu wa Taipei watawaona nyinyi kabla hawajaiona bahari. Ila hii ya kwenye kundi imebanwa, ndogo mno. Nipe ile yenyewe."

"Mama wa picha ninaye," alisema Bong-io. "Nitafikiri."

"Ufikiri nini tena?" A-Kheng alidakia. "Mpe mtoto wa watu."

Wiki haikuisha Tseng akarudi na sampuli aliyoitengeneza kwa ile picha ndogo, wapate kuona mambo yatakavyokuwa. Wanawake walifuta mikono kwenye aproni wakamzunguka. Kilima cha makombe kilikuwa kimeondolewa, pamewekwa sakafu safi. Stuli ilikuwa mpya. Na wenyewe, wote saba, walikuwa na nyuso laini kama mayai ya kuchemsha, na mikono yao haikuwa na alama hata moja. Imekuwa myeupe tu, vidole havijulikani vinapoanzia.

"Hee! Mimi huyu?" alisema Okidi. "Mume wangu atadhani ameoa mwingine."

"Atashukuru," alisema A-Kheng, na wakacheka.

Bong-io aliitazama sampuli kwa muda mrefu. "Hawa ni kina nani?"

"Ni nyinyi, mama," alisema Tseng.

"Nimekaa na hawa wanawake tangu tukiwa maharusi. Hao wa kwako sijapata kukutana nao." Akanyoosha kisu juu, kwenye turubai. "Huyu naye walimlainisha hivyo hivyo. Kura alipata?"

Hata Tseng alicheka. A-Kheng peke yake hakucheka. Aliweka kisu chini.

"Dada, wewe humo kwenye picha," alisema. "Ni rahisi kuitetea mikunjo ya wenzio. Mimi nimekuwa mbaya maisha yangu yote na sikulipwa. Ukutani nataka niwe mzuri. Hilo nalo ni kosa?"

Nilikuwapo siku hiyo, nimekuja kununua chaza. Neno la A-Kheng lilikuwa la haki. Lakini Bong-io aliingiza simu mfukoni, akafunga kifungo cha mfuko, akasema, "Mama haguswi. Simtoi."

Walimgeuzia migongo. Bandani mgongo si jambo dogo: chaza wako katikati, na aliyefungiwa nje ya duara huokota wanaobingirika, bakuli lake hujaa mwisho. Asubuhi, kwenye kundi, salamu yake ilipita bila kujibiwa hata kwa ua moja. Mwingine angenyamaza. Bong-io aliwapiga picha migongo. Migongo saba mipana, mikanda ya aproni imefungwa mafundo, mvuke wa baridi juu yao. Picha nzuri kweli. Akaituma: ASUBUHI NJEMA, MIGONGO YANGU SABA. Siku ya pili akawatumia migongo mingine. Siku ya tatu Lulu alishindwa, akajibu kwa uso unaocheka, kisha akaufuta upesi A-Kheng asiuone.

Nilimwendea nyumbani. Nilimkuta na bakuli la tambi nyembamba za chaza, simu imeegemezwa kwenye birika. Nilimwambia kwamba labda pangekuwa na njia ya kati: tunainua mwanga kidogo usoni, tunapunguza ule weusi chini ya macho, kila mtu anaridhika kiasi.

"Mwanga nitauinua," alisema. "Hilo nalifanya kila siku. Lakini unachoniomba si mwanga, Mwalimu. Unaniomba nimbandike A-Kheng mawaridi mabegani."

"Yeye mwenyewe anayataka."

"Anayataka leo." Alisukuma bakuli. "Akifa mmoja wao, wajukuu watakuja kutazama ukuta. Watasema bibi yetu alikuwa nani? Yai?"

Tulikaa tukamtazama mumewe kwenye skrini, na mawaridi yake.

Siku ya kufungua ukumbi ilikuwa inakaribia, na wakubwa wa Tseng walikuwa wanamwuliza. Kwa hiyo aliamua kuachana na mama na kumtumia mtoto. Aliichukua ile picha iliyobanwa kutoka kundini, akaipitisha kwenye programu inayokuza picha na kujaza yenyewe yanayokosekana. Alichapisha ya majaribio, ndefu kama meza, akaileta bandani imekunjwa kwenye bomba. Naamini alikuja kwa nia njema, alitaka amani.

Walipoikunjua, hata mimi nilishangaa. Ilikuwa kali mno. Maandishi ya salamu hayapo, ukungu haupo, ungeweza kuhesabu kope. Wanawake walisifu. Bong-io alibaki kwenye stuli yake, nje ya duara, akiendelea kufungua chaza. Mlio wa kisu chake ulisikika peke yake.

A-Kheng alivaa miwani. Alijitazama uso, akatabasamu. Kisha macho yake yakashuka mpaka kwenye mkono, yakakaa hapo. Akaivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

"Tseng, mwanangu," alisema. "Kidole hiki cha nani?"

Kwenye picha, kidole chake cha shahada kilikuwa kizima. Kirefu, chembamba, na kucha yenye kung'aa.

"Mashine hukisia, mama," alisema Tseng, akiinama. "Picha ilikuwa ndogo, haikuona vizuri. Basi imeweka kilicho cha kawaida."

"Cha kawaida."

"Lakini si kizuri? Ni kama umerudishiwa."

"Kama umekirudisha, kiko wapi?" A-Kheng alimnyooshea mkono wake wenyewe. "Kilete basi, nikakishone."

Hakuna aliyecheka. Kila mtu pale alijua kidole kile kilivyokwenda. A-Kheng alikuwa mzazi, mtoto wake wa mwisho bado ananyonya, kombe likamchana, kidonda kikaoza, daktari akakata. Alirudi bandani na bandeji, maana nyumbani hapakuwa na mwingine wa kufanya kazi, na hakuweza kumshika chaza. Aliyekuwa akimmiminia chaza wake mwenyewe kwenye bakuli kila mara mwenye banda anapogeuka, mpaka A-Kheng akajifunza kushikia kile kifupi, alikuwa Bong-io. Hawakuwahi kulizungumza. Mimi niliambiwa na Lulu.

"Na wamenipaka rangi ya kucha!" alisema A-Kheng, sasa sauti imempanda. "Nyote mwangalie. Mimi, rangi ya kucha! Hiki kidole kimelala tu maishani, hakijashika hata kombe moja. Kazi nimefanya na hiki hapa." Akakiinua kile kifupi, akageuka nyuma, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. "Dada. Ile yako inacho?"

"Haina," alisema Bong-io.

"Ilete."

Bong-io alifungua kifungo cha mfuko. Akaipumulia simu, akaisugua kwa upindo wa blauzi, bila haraka, huku wanawake saba wamesimama wanamngoja. Kisha akamfungua mama, akavuta kwa vidole viwili, akavuta tena, na picha haikuvunjika. Kile kidole kilikuwapo na kovu lake, ngozi imevimba kwa maji, ncha imebana ukingo wa kombe kama mdomo wa koleo. Walipokezana simu. Kila mmoja alijitafuta.

"Nilikuwa nacheka hivi?" aliuliza Lulu.

"Mimi bado nataka kulainishwa," alisema Okidi.

"Wewe nitakupiga ya peke yako," Bong-io alimwambia, "nikulainishe mpaka uteleze kitini."

Usidhani chama kiliona haya. Wakubwa walisema picha yenye kilima cha makombe inanuka hata ukutani, na nyuso zile zitawafukuza wageni. Ama ilainishwe, ama waache. Tseng alikuja kuyasema hayo akiwa ametazama viatu vyake. Wakaacha. Ukuta wa ukumbi ukapata machweo, ambayo bado yapo, na hakuna mtu aliyewahi kusimama kuyatazama.

Wanawake hawakuacha. Walikwenda wenyewe mjini, kwenye duka lile lile linalochapa wagombea. Bong-io hakukubali kuituma picha kwa njia yoyote. Aliibeba ndani ya simu, mfukoni, kifungo kimefungwa, na akasimama nyuma ya fundi mpaka picha ilipohamishwa kwa waya. Alikuwa amekwisha kumtengeneza mtoto wake: mwanga umeinuliwa chini ya turubai, rangi ya pichi imepunguzwa kidogo ili wekundu wa damu nyusoni uonekane. Hapo alipofika hakutaka mwingine aongeze. Fundi, kwa mazoea ya kazi yake, alipeleka mkono kwenye kitufe cha kulainisha.

"Ondoa mkono," alisema Bong-io.

"Bibi, wote huwa nawafanyia. Bure."

"Nimesema ondoa."

Kabla ya kuchapa, A-Kheng alisema bado kuna jambo. Bong-io hayumo, na aliyetetea mikunjo ya wenzake lazima alete na yake. Akamnyang'anya simu, akamsimamisha mlangoni pa duka kwenye mwanga mkali wa mchana, akampiga, kitufe amekibonyeza kwa kile kidole kifupi. Picha ilitoka imelala upande. Bango la duka la jirani linaonekana kama limemwota Bong-io sikioni.

"Imepinda!" alisema Bong-io. "Lete niinyooshe."

"Mama haguswi," alisema A-Kheng, na alipolisema hilo ndipo wote walipocheka tena pamoja, hata wakashindwa kusimama vizuri.

Mgombea alishushwa, akaenda kufunika makombe. Turubai jipya lilifungwa upande wa barabara, likitazamana na ukumbi wa chama, na mtu yeyote aendaye bandarini ilimbidi apite mbele ya wanawake saba wanaomcheka. Wa nane yuko pembeni, amepinda, chini yake jina lote kwa herufi kubwa: NGO BONG-IO. Okidi alipendekeza waandike jina lingine, zuri zaidi, kwa ajili ya wageni. Hakumaliza sentensi.

Jua na chumvi vimelikula turubai hilo. Nyuso zimekuwa za buluu sasa, na kona moja imechanika. Vijana waliniambia linaweza kuchapwa upya, na kweli linaweza, maana mama yupo. Yuko kwenye simu ya Bong-io, kwenye yangu, na kwenye diski aliyoniamuru ninunue. Bado sijalipeleka. Ninapolipita hupunguza mwendo.

Nilimwona kwa mara ya mwisho hospitalini, Chiayi, adhuhuri, binti yake ameshuka kununua chakula. Alikuwa amekonda, na simu yake ilikuwa juu ya mto wa kitanda. Aliniambia nimpige picha. Nilipotoa simu yangu alinyoosha mkono akaichukua, akapumulia, akasugua jicho la kamera kwa shuka la hospitali, akanirudishia. Nilipiga kadhaa. Alidai kuzichagua mwenyewe. Aliyafinya macho, akaanza kuzifuta moja moja: nenda salama, nenda salama, nawe umekuja kufanya nini, huyu anaonekana kama mgonjwa. Akafika kwenye ile ambayo nywele zimemsimama na mdomo u wazi, kwa sababu nilipoipiga alikuwa ananikaripia kwa kusimama kinyume cha mwanga. Akaivuta kwa vidole viwili mpaka kwenye macho, akayakagua yote mawili. Akaiwekea alama ya moyo. Niliichukua simu nianze kumtumia, na kidole changu kilipokaribia kitufe, akanishika kifundo cha mkono.

"Usiibane, Mwalimu," alisema. "Nitumie nzima. Nafasi ninayo."